Muhuri wa Wakili: Nini cha Kubeba, Nini cha Kusoma, na Mahali Muhuri Hausaidii

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ngazi za ofisi za mawakili mjini Mbeya hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Fomu ya Bodi ya Mikopo inataka saini ya kamishna wa viapo. Tangazo la kazi linataka vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Katikati ya vijana hao wamekaa wazee wawili kutoka Rungwe waliokuja kuandikishana shamba la parachichi, na mama mwenye mtoto anayesafiri kwenda Lusaka. Wote wanasema wamekuja "kugonga muhuri". Wengi wao watarudishwa, na si kwa ukorofi wa wakili.

Muhuri huo unasema jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kiapo unasema: mtu huyu alikuja mbele yangu, mahali hapa, tarehe hii, nikamtambua, akaapa na kusaini nikimwona. Kwenye nakala ya cheti unasema: nimeshika cheti halisi mkononi na nakala hii inafanana nacho. Basi. Hausemi kwamba uliyoyaapa ni kweli, wala kwamba shamba ni la huyo anayekuuzia. Ukilielewa hilo, karibu kila sharti utakalokutana nalo ofisini utaliona lina sababu.

Nani hasa ana mamlaka hayo

Sheria inayowahusu ni Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania, na inataja kazi mbili. Kamishna wa viapo anaapisha watu. Notari, yaani mthibitishaji wa hati, anathibitisha nyaraka na saini, hasa zile zinazokwenda nje ya nchi. Kwa kawaida mtu anayezifanya zote mbili ni wakili yuleyule mmoja, ndiyo maana bango lake lina maneno mengi. Mahakimu na wasajili wa mahakama nao huapisha, kwa hiyo ukiwa Ileje au Chunya usikimbilie basi la Mbeya kabla hujauliza mahakama iliyo karibu nawe.

Msaidizi wa kisheria anaweza kukushauri, na mara nyingi anakushauri vizuri na bila malipo, lakini haapishi. Barua ya utambulisho ya mtendaji ni kitu kingine kabisa. Na kijana wa steshenari, lile duka la kuchapa na kutoa nakala, hata kama kaandika viapo mia, ni mchapaji.

Hatua ya 1: Jua karatasi unayoitaka

Rudi kwa aliyekutuma, iwe benki, uhamiaji, chuo au mwajiri, umwulize anataka nini hasa. "Niletee karatasi ya mwanasheria" si jibu. Anaweza kuwa anataka nakala iliyothibitishwa, au hati ya kiapo, au mkataba ulioshuhudiwa, au hati ya uwakilishi, na kila moja ina njia yake.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye mikopo ya elimu ya juu. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na cha kifo cha mzazi kama amefariki, huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Muhuri wa wakili hauchukui nafasi ya uhakiki huo, na uhakiki wa RITA hauchukui nafasi ya saini ya kamishna kwenye fomu. Malizana na RITA, mdhamini na ofisi ya mtaa au kijiji kwanza, ndipo uje kwa wakili. Mtendaji akiwa ameitwa wilayani, unaweza kumngoja siku nzima, wakati wakili utampata.

Kwa ajira za serikali angalia jambo jingine. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, vinatakiwa vyeti vyenyewe. Wakili hatakuzuia kuthibitisha hati ya matokeo, maana ni nakala ya kitu halisi. Utalipa, utagongewa, na maombi yatakataliwa vilevile.

Hatua ya 2: Tafuta wakili, siyo kishoka

Mawakili vishoka, yaani wa bandia, wapo kila mji, na hukaa palepale penye msongamano, karibu na mahakama na ofisi za halmashauri. Wana muhuri, wana tai, wana maneno. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni: unaandika jina la wakili, unaona kama yumo na kama leseni yake ni hai. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, hivyo aliyekuwa wakili halali mwaka juzi anaweza asiwe halali leo. Ukaguzi huo unachukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya fotokopi. Kwa mkataba wa shamba au nyumba, kutoufanya ni uzembe.

Saa nayo ina maana. Asubuhi mawakili wengi wako mahakamani, hasa Mbeya na Iringa zenye masjala za Mahakama Kuu. Dada wa mapokezi atakwambia "anakuja sasa hivi", na sasa hivi hiyo inategemea jaji. Kama unatoka mbali, mathalani Makete au Kyela, piga simu kabla ya kupanda gari, na ukiweza lenga mchana.

Kuna katazo moja ambalo limewaangusha watu wengi. Wakili anayekutetea kwenye kesi haruhusiwi kukuapisha kwa ajili ya kesi hiyohiyo, wala yeyote mwenye maslahi ndani yake. Kiapo kilichoapwa hivyo kinaweza kutupwa na mahakama, na maombi yako yakaenda nacho. Wakili wako akikutuma uende ofisi ya jirani ukaape, hakutoroki.

Hatua ya 3: Beba vitu halisi, na ujibebe mwenyewe

Kwa nakala, njoo na cheti halisi pamoja na nakala zote unazohitaji, zikiwa zimeshatolewa. Picha ya cheti kwenye simu haitoshi. Nakala ya nakala haitoshi, hata kama ile ya kwanza ilishagongwa muhuri. Cheti kilichopigwa laminesheni hakina shida kama kinasomeka. Hesabu mapema nakala unazotaka, na fotokopi zake zifanyie nje. Karibu na ofisi hizo bei ya fotokopi hupanda bila aibu.

Kwa kiapo au mkataba, njoo na kitambulisho: cha NIDA, cha mpigakura, leseni ya udereva au pasipoti. Kama huna chochote, njoo na mtu ambaye wakili anamfahamu, akutambulishe. Sheria inataja njia mbili, kufahamika kwa kamishna au kutambulishwa kwake na mtu anayemfahamu, na kiapo chenyewe lazima kiseme ni ipi iliyotumika.

Sasa lile gumu. Anayeapa lazima awepo. "Shangazi ni mgonjwa, hii hapa saini yake" haifanyi kazi, na wakili atakayekubali ni wa kuogopa, maana atakukubalia wewe leo na kesho atamkubalia anayekuibia. Shangazi akiwa Dar es Salaam, aende kwa kamishna wa huko kisha karatasi itumwe kwa basi. Akiwa nje ya nchi, ubalozi wa Tanzania huko aliko hutoa huduma ya kuthibitisha hati. Akiwa kitandani hapahapa mjini, mwombe wakili aende kwake. Utamlipia nauli na usumbufu, na ni bei ya haki.

Hatua ya 4: Soma kiapo kabla hujaapa

Hati ya kiapo ni maelezo ya mambo unayoyajua, kwa maneno yako, yaliyogawanywa kwa aya zenye namba. Ile ya kuzaliwa ambayo mzazi anaapa kwa ajili ya pasipoti ya mtoto, ile ya kupotelewa na cheti (nenda polisi kwanza uchukue taarifa ya upotevu, maana kiapo huitaja), ile ya majina.

Ya majina ndiyo yenye wateja huku kwetu. Mtoto kabatizwa Tuntufye, mwalimu wa darasa la kwanza kaandika Tuntufie, na kitambulisho cha Taifa kimetoka na jina la babu mahali pa jina la ukoo. Kiapo cha majina kinasema tu kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kama unataka kuliacha jina moja kabisa na kuchukua jingine, hiyo ni hati ya kubadili jina, na lazima isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Watu wengi hulipia kiapo wakati walihitaji hati, wakarudishwa NIDA, wakaanza upya.

Kama kiapo umechapiwa steshenari, kisome neno kwa neno. Wachapaji hutumia kielelezo cha mteja aliyepita, na mabaki yake hubaki ndani: Mkristo wa Ipogolo anajikuta ni Muislamu mkazi wa Temeke, na baba wa watoto watatu anaapa kwamba yeye ni "mama mzazi". Inachekesha hadi ifike uhamiaji.

Angalia na dini kwa maana nyingine. Mkristo huapa. Muislamu, Mhindu na asiye na dini hutoa uthibitisho, na maneno ya hati hufuata hivyo, "naapa" au "nathibitisha". Uzito wake kisheria ni uleule, na kusema uongo ndani yake ni kosa la jinai kwa wote.

Mwishoni pana uthibitisho wako kwamba yaliyoandikwa ni kweli kwa ufahamu wako. Kama kuna jambo uliloambiwa na mtu, sema uliambiwa na nani. Chini kabisa ni sehemu ya kamishna, na hapo hakikisha vinne: jina lake, mahali, tarehe, na namna alivyokutambua. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016 jina la aliyeapisha lazima lionekane, na mahali na tarehe vimekuwa lazima kwa muda mrefu. Muhuri mzuri juu ya nafasi tupu ya tarehe ni kazi ya kurudiwa.

Hatua ya 5: Mbele ya wakili

Usisaini nyumbani. Wakili akikukuta umeshasaini, atakwambia usaini tena mbele yake au uchapishe upya. Atakuuliza kama umesoma na umeelewa. Hapo ndipo pa kusema "hapana" kama ni hapana. Mzee asiyejua kusoma asomewe yote kwa lugha anayoielewa, ndipo aweke dole gumba, na hati iandikwe kwamba alisomewa. Kwa bibi wa Kinyakyusa au Kihehe asiyekielewa Kiswahili vizuri, nenda na mtu wa kutafsiri asiye na maslahi. Mjukuu anayenunua shamba la bibi si mkalimani wa bibi.

Karatasi tupu usisaini kamwe, hata kwa ahadi ya "nitajaza baadaye".

Shamba, kiwanja na miti

Hapa ndipo pesa ya mtu hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mkataba wa kuuziana uliosainiwa mbele ya wakili ni ushahidi kwamba mlikubaliana. Haumpi muuzaji umiliki ambao hakuwa nao. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla hamjapanda ngazi za wakili.

Kwanza jua ardhi yenyewe ni ya aina gani. Kiwanja kilichopimwa chenye hati, cha Forest ya Mbeya au Gangilonga ya Iringa, kinaanza na upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, kuona jina lililosajiliwa ni la nani na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Shamba la kijijini liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na hapo mwenye neno ni halmashauri ya kijiji, kikao chenye muhtasari. Mwenyekiti peke yake akiwa na muhuri wake si halmashauri. Mahakama zimeshasema mara kadhaa kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji hayasimami, na katika kesi hizo muhuri wa wakili haukumwokoa mnunuzi. Omba nakala ya muhtasari, soma waliohudhuria, kisha kanyageni mipaka pamoja na majirani na waandikwe kama mashahidi.

Pili, mwenzi wa ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mtake mke, au mume, aje mwenyewe kwa wakili asaini ridhaa. Muuzaji akisema "mke wangu hana neno", jibu zuri ni "basi aje aseme hana neno". Kwa shamba la urithi, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na aonyeshe barua ya uteuzi. Kaka mkubwa si msimamizi kwa sababu ya ukubwa wake.

Mufindi, Njombe na Makete kuna biashara yenye mtego wake: kuuza miti bila ardhi. Watu wa mjini hununua msitu wa misindano uliosimama, wakiamini wamenunua shamba. Mkataba wa miti useme waziwazi kwamba ardhi inabaki kwa mwenyewe, miti ni mingapi au ni ya eneo lipi, mwisho wa kuvuna ni lini, machipukizi na miche itakayoota baadaye ni ya nani, nani analipa ushuru wa mazao ya misitu, na moto ukipita kabla ya kuvuna hasara ni ya nani. Hilo la moto wengi huliacha, na kila kiangazi linawagombanisha watu. Wakili mzuri atakuuliza mwenyewe. Asipokuuliza, mwambie aliandike.

Mkishasaini, mkataba hulipiwa ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Usiuache kabatini: mkataba usiolipiwa ushuru huo hukataliwa kama ushahidi mahakamani, yaani siku ile hasa ulipouhitaji. Muuzaji naye ana kodi yake ya faida ya mauzo, na makubaliano ya nani analipa nini yakae ndani ya mkataba. Bei iandikwe ileile mliyokubaliana, na pesa ipite benki. Wakili mmoja anaweza kushuhudia saini za pande zote mbili, lakini fedha zikiwa nyingi, mnunuzi awe na wa kwake wa kumsomea.

Kumpa mtu mwingine mamlaka

Hati ya uwakilishi humruhusu mtu kukufanyia jambo kwa niaba yako: kuuza kiwanja cha Uyole wakati wewe uko Mwanza, kufuatilia mafao, kusimamia nyumba. Iandike kwa kubana. "Auze kiwanja fulani kwa bei isiyopungua kiasi fulani" ni salama kuliko "afanye lolote kuhusu mali zangu". Ikihusu ardhi iliyosajiliwa, ipelekwe kwa Msajili wa Hati. Siku hizi kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, huhitaji kwenda Dar es Salaam.

Hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Watoto wengi hubaki na hati ya uwakilishi ya baba na kuendelea kuitumia baada ya mazishi. Baba akishafariki, njia ni moja tu, mirathi mahakamani, na aliyenunua kwa hati iliyokufa ana kesi mkononi.

Hati za kuvuka mpaka

Kwa mtoto anayevuka Tunduma au Kasumulu na mzazi mmoja au na ndugu, andaa barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, iliyosainiwa mbele ya wakili, pamoja na nakala iliyothibitishwa ya cheti cha kuzaliwa. Kwa vyeti vya masomo vinavyokwenda mbali zaidi, muhuri wa notari huwa mwanzo tu: kwa kawaida hufuata Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi inayopokea. Waulize wapokeaji mlolongo wao kabla hujaanza, maana wengine hutaka tafsiri ithibitishwe na wengine hutaka cheti halisi pia.

Malipo, na baada ya muhuri

Uliza bei kabla ya kukaa. Kuthibitisha nakala huhesabiwa kwa ukurasa au kwa cheti. Kuapishwa kwa hati uliyokuja nayo ni rahisi kuliko kuandikiwa. Mkataba wa ardhi hupangwa kwa ukubwa wa kazi na thamani. Kupatana kunaruhusiwa, hasa ukiwa na nakala nyingi. Dai risiti. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria: kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na katika Wiki ya Sheria, kuelekea mwanzoni mwa Februari, mahakama na mawakili hutoa ushauri bure viwanjani.

Kabla hujatoka mlangoni, pitia kila ukurasa. Ukiona kosa usilifute kwa kalamu wala korekta. Mrudishie wakili, alikate mwenyewe na kusaini pembeni, au ichapishwe upya. Kosa ulilolirekebisha nyumbani linaonekana kama kughushi hata kama ulikuwa unaongeza herufi moja ya jina lako.

Wakili aliyegonga muhuri bila kumwona mwenye saini, au aliyekula pesa ya mauziano, hulalamikiwa kwa maandishi kwenye Kamati ya Mawakili, na tawi la Chama cha Mawakili Tanganyika lililo karibu nawe linaweza kukuelekeza namna ya kuandika. Ukigundua aliyekuhudumia hayumo e-Wakili kabisa, peleka karatasi zako na risiti, kama alikupa, kituo cha polisi, kisha urudie kazi yote kwa wakili wa kweli.